Sayansi na Maisha: Mwanga Uliozaliwa na Hasara

Watu wengi wanaposikia neno eksirei, jambo la kwanza linalowajia akilini ni hospitali. Humfikiria askari aliyeanguka mazoezini akiwa amelazwa juu ya meza baridi, au mtoto aliyeteleza kutoka mwembeni akishikiliwa na mama yake, ili daktari apate kujua kama mfupa umevunjika au ni kiungo kilichoteguka tu. Fikira hiyo si ya makosa. Eksirei imekuwa ikitenda kazi hiyo ya rehema tangu Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alipoigundua mwezi wa Novemba 1895. Na mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa yote ikaonekana pamoja na pete iliyokuwa kidoleni.

Lakini iko eksirei ya namna nyingine, ambayo haitoki katika chombo cha kutosha chumba kimoja cha hospitali. Hutoka katika mitambo yenye umbo la pete, mingine ikiwa na mzunguko unaozidi kilometa moja, ambamo elektroni hukimbizwa usiku na mchana. Ung'avu wake wapita ule wa eksirei ya hospitali kwa mabilioni ya mara, wala haitafuti mfupa uliovunjika. Hutafuta mpangilio wa atomu ndani ya virusi, njia za damu ndani ya pafu, na umbo la ubongo ndani ya fuvu la kiumbe aliyekufa karibu miaka milioni 2 iliyopita. Habari ya mitambo hiyo yastahili kufika katika kila nyumba: kwanza kwa sababu yahusu hata zizi la ng'ombe, na pili kwa sababu Afrika, peke yake miongoni mwa mabara yanayokaliwa na watu, haina hata mtambo mmoja wa aina hiyo.

KIOO PEMBENI MWA UKUTA

Mnamo tarehe 24 Aprili 1947, katika maabara ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York, nchini Marekani, wataalamu walikuwa wakiujaribu mtambo wa kuzungushia elektroni uitwao sinkrotroni. Elektroni ni chembe ndogo mno ya umeme, ile ile ipitayo katika waya wa taa. Mtambo ulizungukwa na ukuta wa zege uliowakinga watu na mionzi. Fundi mmoja, Floyd Haber, alichungulia nyuma ya ukuta huo kwa msaada wa kioo kikubwa cha kujitazamia, apate kuona kama kulikuwa na cheche za umeme zilizokuwa zikiruka ndani. Alichokiona hakikuwa cheche. Kilikuwa mwanga mkali, mweupe wenye kuelekea buluu, ukitoka katika bomba angavu ambamo elektroni zilikuwa zikizunguka.

Sababu ya mwanga huo yaweza kueleweka kwa mfano wa lori lililopakia mapipa ya maji yasiyo na vifuniko. Barabara inaponyooka, maji hutulia. Dereva akikata kona kwa kasi, maji humwagika kuelekea kule lori lilikokuwa likienda kabla ya kupinda. Elektroni nazo, zikiwa katika mwendo unaokaribia kasi ya mwanga wenyewe, zikilazimishwa na sumaku kupinda, humwaga sehemu ya nguvu zao. Kinachomwagika si maji bali ni mwanga: ule unaoonekana kwa macho, na katika mitambo yenye nguvu zaidi, eksirei.

Kwa wanasayansi wa siku zile, mwanga huo ulikuwa hasara tupu. Wao walitaka elektroni zipate nguvu nyingi iwezekanavyo, ili zigonganishwe na vitu vingine na kufichua siri za kiini cha atomu. Kila tone la mwanga lililomwagika lilikuwa nguvu iliyopotea, sawa na mafuta yanayovuja kutoka katika tangi la gari safarini. Ilipita miaka kadhaa kabla ya watu kuanza kulikinga tone hilo kwa kikombe badala ya kulilaani.

AKIBA HAIOZI

Sinkrotroni za kwanza zilikuwa na kasoro moja kubwa kwa mtu aliyeutaka mwanga wake. Elektroni ziliingizwa, zikaongezwa kasi, zikatupwa. Kisha kundi jingine likaanza upya. Mwanga ulikuwa mkali mara hii na hafifu mara ile, mfano wa kibatari kwenye upepo. Kilichotakiwa ni njia ya kuziweka elektroni akiba, zizunguke kwa saa nyingi bila kutupwa.

Njia hiyo iliandaliwa na watu waliokuwa na haja nyingine. Mwaka 1961, mjini Frascati karibu na Roma, kikundi kilichoongozwa na Bruno Touschek, mzaliwa wa Vienna, kiliwasha mtambo ulioitwa AdA, wenye uwezo wa kuhifadhi elektroni zikiwa zinazunguka ndani ya pete. AdA ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwaka 1962 ilipakiwa katika lori ikapelekwa Orsay, Ufaransa, na pampu za kunyonya hewa kutoka ndani yake ziliendeshwa kwa betri njiani. Mwaka 1968, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, pete iitwayo Tantalus ikawa ya kwanza kutumiwa kwa ajili ya mwanga peke yake. Kisha mwaka 1981 Uingereza ikaanza kuitumia pete ya Daresbury, iliyokusudiwa tangu msingi wake kuwapatia watafiti eksirei. Hasara ikawa ndiyo bidhaa.

Pete ya namna hiyo hufanya kazi hivi. Kuna bomba la metali lililojifunga kama tairi, na hewa yote imenyonywa kutoka ndani yake, kwani elektroni ikigonga chembe ya hewa hupotea. Sumaku nyingi zimepangwa kulifuata bomba hilo. Baadhi hupindisha mwendo wa elektroni; nyingine huzibana zisitawanyike, kama lenzi inavyokusanya nuru. Mahali fulani katika duara, mawimbi ya redio huzisukuma kila zipitapo, ili kuzirudishia nguvu zilizomwagika katika kona. Katika pete ya Grenoble, Ufaransa, yenye mzunguko wa meta 844, elektroni hupita mahali pamoja yapata mara 355,000 katika kila sekunde. Nje ya duara, pale mwanga unapotokea, kuna vyumba vyenye kuta nzito ambamo mtafiti huweka kitu anachotaka kukichunguza. Mtambo huu si silaha, wala si tanuri la nyuklia. Umeme ukikatwa, elektroni hupotea na mwanga huzimika papo hapo.

KARABAI NA TOCHI

Thamani ya mwanga huo haipimwi kwa wingi wake tu. Polisi aliye katika doria ya usiku aijua tofauti. Karabai hutoa mwanga mwingi, lakini huutawanya pande zote. Huangaza ua mzima, na hatua mia moja mbele haionyeshi kitu. Tochi nzuri huenda ikatoa mwanga mchache kuliko karabai, lakini huukusanya katika mkondo mwembamba, hata mtu aliyesimama chini ya mti wa mbali akaonekana uso wake. Wataalamu wa eksirei hutafuta tochi, wala si karabai. Wanapozungumza juu ya ung'avu, hukusudia mwanga mwingi, utokao mahali padogo, ukienda upande mmoja bila kutawanyika.

Hatua kubwa ya kwanza kuelekea tochi hiyo ilikuwa kuweka, katika sehemu zilizonyooka za pete, safu ndefu za sumaku zinazopishana: kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Klaus Halbach wa Berkeley, California, alikuwa miongoni mwa walioonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, jinsi safu hizo zinavyoweza kutengenezwa kwa sumaku za kudumu, zisizohitaji umeme. Elektroni zipitapo katikati ya safu hiyo huyumba kushoto na kulia mara nyingi, na kila kuyumba hutoa mwanga. Vipimo vikiwa sahihi, mawimbi ya kila kuyumba hukutana na ya kuyumba kulikotangulia na kuongezeana nguvu. Buti mia moja zikitua ovyo hufanya kelele. Zikitua kwa hatua moja, ardhi hutikisika. Kwa msingi huo zilijengwa pete kubwa za miaka ya 1990: ya Grenoble, iliyofunguliwa kwa watafiti mwaka 1994, ya Argonne, karibu na Chicago, na ile ya Japani iitwayo SPring-8, iliyoanza kazi mwaka 1997 ikiwa na mzunguko wa meta 1,436.

Baada ya hapo ilibaki kazi iliyo ngumu zaidi. Mwanga hauwezi kuwa mwembamba kuliko kundi la elektroni linaoutoa. Ili tochi iboreshwe, ilibidi kundi lenyewe libanwe.

GWARIDE LINALOPINDA

Kila askari aliyepita depo ajua kwamba gwaride haliharibiki kwenye njia iliyonyooka. Huharibika kwenye kona. Kikosi kikipindishwa ghafula, walio upande wa nje hukimbia, walio upande wa ndani hukanyaga mahali pamoja, na mistari iliyokuwa imenyooka kama rula hufumuka.

Elektroni zina tatizo la namna hiyo, na kwao ni baya zaidi, kwa sababu kila moja humwaga mwanga wake bila mpango: hii mapema, ile baadaye; hii mwingi, ile mchache. Iliyomwaga zaidi hubaki na nguvu pungufu, sumaku huipindisha kuliko wenzake, nayo huanza kuyumba kando ya njia. Kwa hiyo mwanga wenyewe, ambao ndio unaotafutwa, ndio unaovuruga safu inayouzaa.

Dawa yake imo katika methali: mwenda pole hajikwai. Badala ya kona chache zilizo kali, ziwekwe kona nyingi zilizo laini. Hesabu ya jambo hili ni ya kutia moyo. Kwa elektroni zenye nguvu ile ile, pembe ya kila kona ikipunguzwa nusu, mtawanyiko haupungui nusu tu, bali hushuka mara 8. Pembe ikipunguzwa hadi theluthi, mtawanyiko hushuka mara 27. Dieter Einfeld wa Ujerumani na wenzake walitoa mipango ya pete za namna hiyo katika miaka ya 1990.

Hata hivyo, kujua dawa si kuipata. Kona nyingi zahitaji sumaku nyingi, na sumaku nyingi zikiingia katika duara moja hazina budi kuwa ndogo na kubanana. Sumaku ndogo nayo, ili iwe na nguvu ya kutosha, lazima iikaribie mno njia ya elektroni. Maana yake ni kwamba bomba liwe jembamba. Na kunyonya hewa yote kutoka katika bomba refu lililo jembamba ni kama kunywa uji mzito kwa mrija mrefu. Suluhisho lilitoka katika maabara ya CERN, karibu na Geneva: ukuta wa ndani wa bomba hupakwa utando mwembamba wa metali ambao hunasa chembe za hewa zinazobaki. Bomba lenyewe likawa pampu.

Uswidi ndiyo iliyothubutu kwanza kuyaunganisha hayo yote katika pete kubwa. Pete yake ya MAX IV, mjini Lund, ina mzunguko wa meta 528, na bomba lake kwa sehemu kubwa lina upana wa ndani wa milimita 22, yaani dogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Duara limegawanywa katika sehemu 20, na kila sehemu ina kona 7. Ilizinduliwa tarehe 21 Juni 2016, ambayo katika nchi za kaskazini ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote za mwaka.

Grenoble ikafuata. Mwezi wa Desemba 2018 pete ya zamani ilizimwa, ikafumuliwa yote, na mpya ikajengwa ndani ya handaki lile lile kwa muundo ulioongozwa na Pantaleo Raimondi. Kila sehemu kati ya sehemu zake 32, iliyokuwa na kona 2, sasa ina kona 7. Sumaku zake kuu za kupindisha ni za kudumu, hazili umeme. Watafiti walifunguliwa milango tena tarehe 25 Agosti 2020. Mtawanyiko wa elektroni ulikuwa umeshuka yapata mara 30, na ung'avu wa eksirei umepanda yapata mara 100. Brazili nayo ilijenga pete ya namna hiyo, iitwayo Sirius, mjini Campinas. Na Argonne, baada ya kuifumua pete yake mwaka 2023, iliiwasha mpya mwaka 2024.

ZIZINI NA KIFUANI

Mwenye nyumba aweza kuuliza: je, kona saba badala ya mbili zamfaa nini mtu mwenye ng'ombe wanne na watoto watano?

Ugonjwa wa miguu na midomo waujua kila mfugaji wa Afrika Mashariki. Ng'ombe hutokwa na malengelenge mdomoni na kwenye kwato, hudondosha mate, hushindwa kula, na maziwa hukatika. Karantini ikitangazwa, minada hufungwa. Na mzazi aliyetegemea kuuza fahali mmoja ili alipe ada ya shule hubaki na fahali asiyeuzika na mtoto aliyerudishwa nyumbani. Virusi vya ugonjwa huo viko vya aina kuu 7, na chanjo ya aina moja haimkingi mnyama na aina nyingine.

Mwaka 1989 wataalamu wa Uingereza, akiwamo David Stuart wa Oxford, walitangaza umbo kamili la virusi hivyo, atomu kwa atomu. Walivigeuza virusi kuwa fuwele ndogo, yaani chembe zilizojipanga kwa utaratibu kama punje za chumvi, wakazipitisha mbele ya eksirei ya pete ya Daresbury. Eksirei ikipita katika fuwele hutawanyika kwa madoa yenye mpango, na kutokana na madoa hayo mahali pa kila atomu huweza kukokotolewa. Eksirei hafifu isingetosha, kwa kuwa fuwele zilikuwa ndogo mno.

Elimu hiyo haikuishia katika vitabu. Chanjo ya kawaida hutengenezwa kwa kuzalisha virusi hai kwa wingi, kisha kuviua. Kazi hiyo ina hatari yake: mwaka 2007 virusi vilitoroka kutoka eneo la maabara la Pirbright, Uingereza, na kuambukiza ng'ombe wa mashamba ya karibu. Aidha chanjo hiyo huharibika upesi isipohifadhiwa katika baridi, jambo ambalo ni zito kwa kijiji kisicho na umeme. Mwaka 2013 wataalamu wa Oxford, Pirbright, Reading na pete ya Diamond, iliyo karibu na Oxford, walionyesha njia nyingine. Walitengeneza ganda tupu la virusi, lisilo na chembe za urithi ndani yake, na kwa hiyo lisiloweza kamwe kumwambukiza mnyama. Ganda tupu kwa kawaida ni dhaifu. Lakini kwa kuwa walijua kila atomu ilipo, waliweza kuchagua mahali pa kulitia kiungo cha kulikaza, likastahimili joto zaidi. Kisha wakalitazama tena kwa eksirei na kuthibitisha kwamba umbo halikubadilika. Ng'ombe waliochanjwa kwa ganda hilo katika majaribio walipata kinga. Tangu picha ya 1989 hadi ganda la 2013 ni miaka 24.

Mfano wa pili wahusu kifua cha binadamu. Pete mpya ya Grenoble ilifunguliwa wakati ugonjwa wa Korona ukiwa umeshika dunia. Paul Tafforeau wa Grenoble, pamoja na wenzake wa London na Ujerumani, waliitumia kupiga picha za mapafu na viungo vingine vya watu waliokuwa wamefariki, vilivyotolewa kwa ajili ya sayansi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Pafu zima huonekana kwanza, kisha mtazamaji husogelea sehemu aitakayo hadi karibu na kuona seli moja moja, bila kisu kuligusa. Kwa njia hiyo walionyesha jinsi ugonjwa ule ulivyoiharibu mishipa midogo ya damu. Mwanga huo ni mkali mno, haufai kupigwa mtu aliye hai. Lakini kinachojulikana kutoka kwa wafu husaidia kuwatibu walio hai.

MAHASIMU CHINI YA PAA MOJA

Yupo atakayesema kwamba mambo hayo ni ya nchi tajiri. Jibu lake liko Jordan.

Mwaka 1997, wakati Ujerumani ilipokuwa ikijiandaa kuizima pete yake ya BESSY I ya Berlin, wanasayansi wawili, Herman Winick na Gustav-Adolf Voss, walitoa wazo kwamba mtambo huo usitupwe, bali upewe nchi za Mashariki ya Kati. Ujerumani ilikubali. Chini ya mwavuli wa UNESCO ukaundwa ushirika ulioitwa SESAME, na ujenzi ukaanza mwaka 2003 mahali paitwapo Allan, kaskazini-magharibi mwa Amman. Sehemu za mtambo wa Berlin zikatumiwa kuandaa elektroni. Pete yenyewe, yenye mzunguko wa meta 133, ikatengenezwa upya, na sumaku zake zikapatikana kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya na CERN.

Kazi haikuwa nyepesi. Fedha zilichelewa. Mwezi wa Desemba 2013 theluji nzito isiyo ya kawaida iliangusha paa la jengo. Lakini tarehe 16 Mei 2017 Mfalme Abdullah wa Pili aliifungua pete hiyo rasmi, na mwaka 2019 ukafunguliwa mtambo wa umeme wa jua wa kuiendesha.

Orodha ya nchi wanachama siku ya ufunguzi yastahili kusomwa polepole na kila aliyewahi kubeba bunduki: Cyprus, Iran, Israeli, Jordan, Misri, Pakistan, Palestina na Uturuki. Baadhi yake zimepigana vita. Baadhi hazitambuani hata kwa ubalozi. Hata hivyo wajumbe wao waliketi meza moja wakajadili bajeti, ratiba na vipuri. Askari ajua kuliko raia yeyote ugumu wa kuketi na mtu ambaye jana alikuwa upande wa pili wa mpaka. Pete ile haikuyamaliza magomvi ya eneo hilo, wala haikuahidi hivyo. Ilionyesha jambo dogo lakini la hakika: kwamba watu wasioaminiana waweza kutunza kwa pamoja kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angeweza kukijenga peke yake.

AFRIKA KATIKA FOLENI

Mwaka 2008, katika eneo la Malapa nchini Afrika Kusini, yaligunduliwa mabaki ya kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliyepewa jina la Australopithecus sediba. Fuvu la kijana wa jamii hiyo, mwenye umri wa karibu miaka milioni 2, lilisafirishwa hadi Grenoble mwaka 2010, na Tafforeau na wenzake wakalipitisha katika eksirei. Umbo la ubongo uliooza zamani likasomeka kutokana na alama zilizobaki ndani ya mfupa. Elimu hiyo ilikuwa ya thamani kubwa. Lakini mtoto wa Afrika ilimbidi asafiri kwenda Ulaya ili historia yake isomwe.

Mwaka 2013 Afrika Kusini iliingia katika ushirika wa pete ya Grenoble. Mwezi wa Novemba 2015 wanasayansi wa Afrika na marafiki zao walikutana huko huko na kuazimia kwamba bara lao lipate pete yake. Pete hiyo haijajengwa. Hadi leo mtafiti wa Kampala, Nairobi au Kinshasa mwenye fuwele ya protini ya vimelea vya malaria, au sampuli ya udongo wa shamba lililochoka, sharti aombe nafasi katika nchi za nje. Pete nyingi hazimtozi fedha mtafiti ambaye ombi lake limeshinda, mradi matokeo yatangazwe kwa wote. Linalomshinda ni nauli, viza, na ukweli kwamba sampuli nyingine huharibika kabla ya ndege kutua.

Mfano wa Jordan waonyesha kwamba umbali kati ya wazo na mwanga ulikuwa miaka 20, na kwamba mwanzo wake ulikuwa vyuma vilivyotumika. Waonyesha pia kwamba pete haijengwi na maprofesa peke yao. Yahitaji wachomeleaji wanaoweza kuunga bomba lisivujishe hata pumzi moja, mafundi wa pampu na umeme, wachongaji wa vyuma, wapima ardhi wa kupanga sumaku bila kukosea kwa unene wa unywele, na wataalamu wa kompyuta. Nyingi za kazi hizo hufunzwa katika karakana za majeshi na vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki.

Mzazi mwenye binti apendaye kufungua redio mbovu ili aone kilichomo ndani asimkemee kwamba hiyo ni kazi ya wavulana. Ampatie bisibisi, na amhimize asiikimbie hesabu wala fizikia afikapo sekondari. Pete ya Afrika, ikianza leo na kuchukua muda ule ule wa Jordan, itahitaji mafundi ambao kwa sasa wana umri wa miaka kumi.